Stoo Yako Inakula Pesa Ngapi? Jinsi ya Kupiga Hesabu ya Gharama za Kuhifadhi Bidhaa

Somo la leo ni la wewe unayeuza mtandaoni: unaweka picha WhatsApp, Instagram, TikTok au Facebook, mteja analipa kwa simu, boda inabeba mzigo. Pesa za kuingia unaziona vizuri kwa sababu kila malipo yanakuja na ujumbe. Lakini kuna gharama moja isiyotuma ujumbe. Inakula polepole, usiku na mchana, hata siku ambayo hujauza kitu. Hiyo ni gharama ya kuhifadhi bidhaa.

Wauzaji wengi wakiulizwa stoo inawagharimu kiasi gani, hutaja kodi peke yake. Kodi ni sehemu tu. Ukimaliza somo hili utakuwa na uwezo wa kufanya mambo matatu: kujua bidhaa moja inalipa kiasi gani kukaa kwako kwa mwezi, kujua ni wakati gani kukaa kwake kumeanza kula faida, na kuchagua njia ya kuhifadhi inayofaa kiwango chako cha mauzo. Chukua kalamu, daftari na simu yenye kikokotoo.

Kumbuka: takwimu za bei tutakazotumia ni za mfano. Weka zako mahali pake.

1. Gharama ya stoo ina sehemu tano

Kwanza, kodi. Hii ni ya chumba, ya sehemu ya stoli mnayogawana mjini, au ya nafasi kwenye godauni.

Pili, matunzo. Umeme, pesa ya mlinzi, kufuli, mbao za kuinua katoni zisiguse sakafu, dawa ya panya.

Tatu, kubeba na kupanga. Mkokoteni kutoka Kamukunji au Eastleigh, vijana wa kupakia na kushusha, na saa zako za kutafuta kitu kilichofukiwa chini ya katoni zingine.

Nne, hasara. Maji yameingia wakati wa mvua ya Machi hadi Mei, panya wametoboa, rangi imepauka, mtindo umepita, au kitu kimetoweka na hakuna anayejua kilienda wapi.

Tano, pesa iliyolala. Hapa ndipo wengi hawafiki. Blanketi ulilonunua kwa Sh900 si blanketi tu. Ni Sh900 zilizokaa kimya. Haziwezi kulipa karo, haziwezi kununua bidhaa inayotembea, na kama ulizikopa, zinazaa riba.

Sehemu tatu za kwanza unaweza kuzisoma kwenye taarifa ya miamala yako, na ya nne utaiona ukihesabu bidhaa. Ya tano utaipata kwa hesabu, na tutaifikia.

2. Hesabu ya haraka: kwa kila bidhaa

Tuseme unauza mablanketi na chupa za chai. Kwa mwezi mmoja umetumia hivi:

Kodi: Sh9,000
Umeme na mlinzi: Sh1,500
Kubeba na kupanga: Sh2,000
Bidhaa zilizoharibika au kupotea: Sh1,500
Jumla: Sh14,000

Mwanzo wa mwezi ulikuwa na bidhaa 400 ndani, mwisho zikabaki 300. Wastani ni 350. Gawanya Sh14,000 kwa 350, unapata Sh40. Maana yake, kwa wastani kila bidhaa imekulipisha Sh40 kwa kukaa mwezi mmoja.

Hesabu hii inatosha kama bidhaa zako zote zinatoshana kwa ukubwa. Kama hazitoshani, inakudanganya. Blanketi na chupa ya chai hazichukui nafasi sawa, basi haiwezekani zilipe kodi sawa.

3. Hesabu ya kweli: kwa nafasi

Wanaoagiza mizigo kutoka China wanaijua lugha hii. Maajenti wa meli hulipisha kwa CBM, yaani mita moja ya ujazo: urefu mita moja, upana mita moja, kimo mita moja. Tumia kipimo hicho hicho ndani ya stoo yako.

Pima chumba. Tuseme ni mita 2 kwa mita 2.5, na kimo mita 2.4. Zidisha: 2 x 2.5 x 2.4 = mita 12 za ujazo. Lakini huwezi kujaza zote. Lazima uache njia ya kupita, na huwezi kupanga katoni mpaka zigonge dari, zile za chini zitapondeka. Tuseme nafasi inayotumika kweli ni mita 7 za ujazo.

Sh14,000 ukigawanya kwa 7 unapata Sh2,000 kwa kila mita ya ujazo kwa mwezi.

Sasa pima katoni. Yenye sentimita 60 kwa 40 kwa 40 ni 0.6 x 0.4 x 0.4 = 0.096 ya mita ya ujazo. Kwa hivyo katoni moja inalipa 0.096 x 2,000 = Sh192 kwa mwezi.

Kama katoni hiyo inabeba chupa za chai 24, kila chupa inalipa Sh8. Kama inabeba mablanketi 4, kila blanketi linalipa Sh48.

Umeona tofauti? Ile Sh40 ya wastani ilionyesha chupa kuwa ghali kuliko ilivyo, na ikalifichia blanketi. Ukiwa na mablanketi 280 na chupa 70, ukirudia hesabu utapata 280 x 48 ni Sh13,440, na 70 x 8 ni Sh560. Jumla ni Sh14,000 ile ile. Kodi haijabadilika, umejua tu nani anailipa.

Na jambo lingine: gawanya kwa nafasi iliyojaa, si nafasi uliyokodi. Mwezi ambao stoo iko nusu, yaani mita 3.5 tu ndizo zina mzigo, gharama inapanda hadi Sh4,000 kwa mita ya ujazo. Nafasi tupu nayo inalipiwa.

4. Faida inaisha lini?

Endelea na blanketi. Umelinunua Sh900, unaliuza Sh1,250. Tofauti ni Sh350. Toa mfuko wa kufungashia, gharama za kupokea na kutoa pesa, na mchango wako kwenye usafiri, tuseme Sh130. Imebaki Sh220.

Sasa lipe blanketi kodi yake ya Sh48 kila mwezi:

Likikaa mwezi 1, unabaki na Sh172.
Miezi 2, Sh124.
Miezi 3, Sh76.
Miezi 4, Sh28.
Miezi 5, umeingia hasara ya Sh20.

Bei haijashuka. Mteja hajakuonea. Blanketi limekaa tu.

Tuongeze ile pesa iliyolala. Tuseme Sh900 zile ulizikopa, na mkopo unakutoza asilimia 5 kwa mwezi. Hiyo ni Sh45 kila mwezi kwa kila blanketi. Sasa kukaa kunagharimu Sh48 na Sh45, jumla Sh93. Zile Sh220 zitaisha ndani ya miezi miwili na nusu hivi. Kwa hivyo, kabla hujachukua mkopo wa kununua stoki, usiulize tu "nitalipa kiasi gani?" Uliza pia "bidhaa hii itakaa siku ngapi?" Mkopo wa mwezi mmoja kwa bidhaa inayokaa miezi minne ni shida uliyojinunulia.

5. Jua siku za stoki yako

Hesabu hii ni rahisi mno na bado ni wachache wanaoifanya. Chukua idadi uliyonayo, gawanya kwa mauzo ya siku.

Una mablanketi 280, unauza 4 kwa siku. 280 gawanya kwa 4 ni siku 70. Stoki yako ni ya miezi miwili na zaidi.

Je, unahitaji stoki ya siku 70? Inategemea unatoa mzigo wapi. Kama unanunua hapo Eastleigh na unaweza kujaza tena ndani ya siku 2, unahitaji ya siku hizo 2, pamoja na akiba ya siku 3 kwa dharura. Siku 5 mara mablanketi 4 ni 20. Zikifika 20, rudi sokoni. Kama mzigo unatoka ng'ambo kwa meli hadi Mombasa, siku za kungoja ni nyingi na akiba lazima iwe kubwa zaidi, lakini hesabu ni ile ile.

"Lakini nikinunua nyingi napunguziwa!" Ni kweli, na tupime. Tuseme ukichukua machache unauziwa Sh930, ukichukua 280 unauziwa Sh900. Umeokoa Sh30 kwa kila moja. Lakini ukiyauza 4 kwa siku, la kwanza linatoka leo na la mwisho siku ya 70. Kwa wastani kila moja linakaa siku 35, zaidi kidogo ya mwezi mmoja. Kodi yake ni karibu Sh56. Umepunguziwa Sh30, ukatoa Sh56, na bado riba hatujaigusa. Punguzo ni zuri pale tu linapozidi gharama ya kukaa.

Msimu nao uangalie. Nairobi baridi huja Juni hadi Agosti. Blanketi lililoingia Mei lina watu wanaolingoja. Lililoingia Septemba litasubiri wateja wachache, na pengine likodishiwe chumba mpaka mwaka unaofuata. Vivyo hivyo kwa mabegi ya shule yaliyochelewa kufika Januari na mapambo ya Krismasi yanayofika baada ya Krismasi. Kampuni kubwa za mauzo hulijua hili: Amazon huko Marekani hutoza ada ya juu zaidi ya kuhifadhi kati ya Oktoba na Desemba, wakati kila mtu anataka nafasi, na huongeza ada kwa bidhaa zilizokaa muda mrefu.

6. Bidhaa iliyokwama: ushushe bei au ungoje?

Swali hili huumiza kwa sababu tunaangalia bei tuliyonunulia. Tunasema, "Siwezi kuuza hii kwa hasara." Lakini pesa uliyonunulia ilishatoka. Swali la leo ni: nikingoja, nitapata nini zaidi, na kungoja kutanigharimu kiasi gani?

Tuseme blanketi la rangi isiyopendwa lingeuzwa wiki hii ukipunguza Sh100. Ukikataa, huenda likauzwa bei kamili baada ya miezi 3. Kodi ya miezi 3 ni Sh144. Umekataa kupoteza Sh100 ukapoteza Sh144. Kama una mkopo, ni Sh279. Punguza bei, uza, pesa irudi kazini.

Tahadhari moja hapa. Mwenye nyumba hatapunguza kodi kwa sababu umeuza mablanketi 60. Utaona faida ya kuondoa mzigo uliokwama ukifanya moja kati ya mawili: ujaze nafasi hiyo kwa kitu kinachotoka haraka, au uhamie nafasi ndogo ya bei nafuu. Ukiuza kwa punguzo halafu pembe ile ikae tupu, umepata pesa yako mkononi, ndiyo, lakini kodi bado iko pale pale. Panga mambo hayo mawili pamoja.

Njia za kutoa mzigo bila kushusha bei sana: funga pamoja na bidhaa inayopendwa (chupa ya chai na blanketi kwa bei moja), wauzie wateja wa zamani kwanza kwa ujumbe, au mpe muuzaji mwingine achukue yote kwa bei ya jumla.

7. Uhifadhi wapi?

Nyumbani. Hakuna kodi ya ziada, lakini si bure. Ukihesabu chumba ambacho watoto wangelala, unyevu na usalama, kuna gharama. Kunafaa ukiwa unaanza.

Kugawana stoli au stoo mjini. Kodi inagawanywa na boda wako karibu. Andikeni nani anamiliki nini na nani ana ufunguo. Urafiki ni mzuri zaidi ukiwa na daftari.

Stoo au godauni yako. Unatawala kila kitu, lakini kodi inakuja uuze usiuze.

Kampuni inayohifadhi, kufungasha na kutuma. Unalipa kwa nafasi au kwa oda. Kunafaa ukiwa na oda chache au mauzo ya kupanda na kushuka.

Kumwachia mwenye duka la jumla. Unachukua baada ya mteja kulipa. Hulipi kodi, lakini siku bidhaa ikiisha kwake, aibu ni yako kwa mteja.

Namna ya kuamua: tuseme kampuni inakutoza Sh100 kwa kila oda, kuhifadhi pamoja. Stoo yako ni Sh14,000. Gawanya 14,000 kwa 100, unapata oda 140. Ukiuza chini ya oda 140 kwa mwezi, kampuni ni nafuu. Ukizidi 140 mwezi baada ya mwezi, stoo yako ndiyo nafuu. Usihame kwa sababu ya mwezi mmoja mzuri. Angalia miezi mitatu au minne.

8. Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Unapokodi nafasi kwa mtu au kwa kampuni, uliza na upewe majibu kwa maandishi:

- Mnapima kwa nini: katoni, mita ya ujazo, uzito au oda?
- Siku zinaanza kuhesabiwa lini? Nusu mwezi inalipishwa kama mwezi mzima?
- Bei hii ina VAT ya asilimia 16 ndani, au itaongezwa baadaye?
- Kuingiza na kutoa mzigo kunalipiwa kando?
- Moto, maji au wizi ukitokea, nani analipa? Kuna bima?
- Mteja akirudisha bidhaa, mnatoza?
- Nikitaka kuondoka, natoa notisi ya muda gani? Amana narudishiwa?
- Nikichelewa kulipa, mzigo wangu unafanywa nini?

Swali la mwisho usiliruke. Kenya kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa Zisizochukuliwa, Sura ya 38, inayomruhusu anayehifadhi bidhaa kibiashara kuziuza ikiwa mwenyewe hakulipa wala kuzichukua, mradi utaratibu wa sheria ufuatwe, ukiwemo wa kutoa notisi. Ndiyo maana deni dogo la kuhifadhi halifai kupuuzwa. Ukiona mwezi utakuwa mgumu, zungumza mapema, lipa kidogo kidogo, au punguza mzigo kabla deni halijaupita.

Na kwa usalama wa pesa zako: usitume pesa ya "kushikiwa nafasi" kwa stoo uliyoiona kwenye picha tu. Nenda uione, ukutane na mwenyewe, na kabla ya kutuma hakikisha jina linalotokea kwenye simu ndilo la mtu au biashara mliyekubaliana. Ukishatuma, weka ujumbe wa malipo. Huo ni ushahidi wako. PIN yako hamna mwenye stoo anayeihitaji.

9. Tumia simu yako kama daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lako tayari liko mfukoni. Fanya hivi:

Tenganisha pesa. Mauzo yapokelewe kwenye namba ya till ya biashara, si kwenye laini unayonunulia mboga.

Lipa gharama zote za stoo kwa simu, hata Sh100 ya mkokoteni. Pesa taslimu haiachi alama.

Kila mwisho wa mwezi, fungua taarifa ya miamala na ujumlishe malipo ya stoo peke yake. Linganisha na mwezi uliopita.

Kila siku unayouza, weka kando sehemu ya kodi. Kodi ya Sh9,000 ni Sh300 kwa siku kwa mwezi wa siku 30. Ukiitoa kidogo kidogo, tarehe moja haitakukimbiza.

Kazi ya nyumbani ya wiki hii

Jumamosi hii tenga saa mbili. Pima stoo au pembe unayotumia. Hesabu kila kitu, usikadirie. Andika kwa kalamu nene kwenye kila katoni mwezi ilioingia, kisha panga zilizoingia kwanza ziwe mbele zitoke kwanza. Jumlisha gharama za mwezi uliopita, gawanya kwa mita za ujazo zilizojaa, halafu utafute bidhaa zako tatu zinazolipa kodi kubwa kuliko faida zinayoleta.

Hizo tatu ndizo za kuweka kwenye status Jumapili asubuhi, kwa bei ya kuziondoa. Pesa zitakazoingia Jumapili jioni, usizirudishe kwenye bidhaa zile zile.